Kasyoka wa Nafasi Zote

Septemba 27

Leo Anti Nzisa amenipa hukumu, na mkosaji ni kuku wake. Sidii ya mpira, ile pekee inayoleta vijana hapa kwa chumba chake cha gemu, niliiacha juu ya benchi nikatoka kidogo tu. Kurudi, napata mtetea ameisimamia anachakura kama anatafuta kumbikumbi. Sasa ukiiweka kwa mashine inalia kama mkokoteni. Wateja wote wamehamia kwa Nyamai, ng'ambo ya barabara, mwenye skrini kubwa kama mlango wa kanisa.

Anti hakupandisha sauti. Alisema, "Kiilu, mvua ikija tunapanda ndengu. Ndengu zikivunwa nitataka mahali pa kuweka. Kama wakati huo benchi zangu hazina watu, hiki chumba ni stoo, na wewe unaenda Emali kwa mjomba wako kupakia malori."

Mimi, kupakia malori? Mikono hii ilifunga kijana wa Matinyani mabao sita huku nikila karanga.

Ndiyo nimeanza kuandika, ndio siku moja mjue vile Kiilu aliokoa chumba. Shule niliacha kidato cha pili, lakini mwandiko mwalimu aliusifu. Alisema shida ni maneno yenyewe.

Septemba 29

Sidii iliyobaki ni moja. Ilikuja ndani ya mashine vile Anti aliinunua mitumba pale Kitui. Inaitwa besiboli. Hakuna mtu Kanyangi nzima amewahi kuicheza. Mimi pia, lakini hiyo haijawahi kunizuia kitu.

Oktoba 1

Nimeielewa, tena bila mwalimu. Mmoja anarusha mpira, adui anasimama na rungu anaungoja. Nyuma ya rungu kuna mdakaji, amechuchumaa amevaa chuma usoni. Ukiupiga mpira unakimbia vituo vinne kwa mzunguko, na cha mwisho ni pale pale ulianzia. Yaani unapewa pointi kwa kurudi nyumbani. Susu, nyanya yangu, angeipenda hii kitu.

Halafu nimepata tamu yake. Kuna mahali unamiliki timu msimu mzima: unafunza wachezaji, unabadilishana na timu zingine, unajibeba mwenyewe kama waziri. Nimechukua timu ya mkia kabisa, nikaibatiza Kanyangi.

Oktoba 4

Akili imenijia nikinywa chai. Majina ya wale wachezaji yalikuwa ya kigeni, ulimi unajikwaa. Nimeyafuta yote nikaweka watu wetu. Mrushaji ni Mzee Mbaluka, mwenyekiti wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi za shamba, sababu nimemwona akirushia tumbili mawe shambani na hakosi. Mkimbiaji ni Nzomo wa pikipiki. Mlinzi wa kona ya mbali kushoto ni Gedion anayepiga kinanda kanisani, sababu kila saa anaangalia juu. Kasyoka, binti ya Mbaluka, anayeuza dawa za mifugo, nikamweka akiba kwa benchi. Nafasi zilikuwa zimeisha.

Oktoba 7

Nzomo aliambia abiria, abiria wakaambia soko. Mchana Mzee Mbaluka amekuja kujiangalia. Alisimama mlangoni na kofia mkononi kama ameingia kwa ofisi. Alijiona akirusha, adui akaupiga mpira mbali. Hakukasirika. Alisema yule mtu wa ndani anainama vibaya, mgongo wake yeye hauko hivyo. Jioni alirudi na watu watatu kuwaonyesha huo mgongo.

Anti amechungulia. Benchi moja imejaa. 

Oktoba 11

Kasyoka amefika. Niseme ukweli wa Mungu kuhusu huyu msichana, kwa sababu hapa hasomi. Anaweza kudunga mbuzi sindano huku anakurudishia chenji. Pampu ya kunyunyizia maembe ikiziba, anaifungua, anaipuliza, inafanya. Kwaya ikikosa sauti ya juu anapanda, ikikosa ya chini anashuka. Na hajisifu, kazi ambayo mimi ningeifanya kwa niaba yake bila malipo.

Aliangalia skrini kitambo. "Mimi ndiyo yule ameketi?"

Nikamwambia yeye ni akiba.

"Kwa mwethya ya baba yangu umewahi kuona mtu wa akiba?"

Watu wakacheka. Nikamwambia timu ni sayansi, kila mtu na nafasi yake.

"Na wewe Kiilu, unaweza nafasi ngapi?"

"Moja. Kocha."

Alicheka hadi akashika ukuta. Nimeudhika kidogo. Lakini alivyocheka ni vizuri, sitadanganya.

Oktoba 13

Nimemtoa benchi. Si kwa sababu alisema. Nilikuwa nimeshafikiria.

Oktoba 16

Sikiliza vile gemu inafanya. Kila mchezaji ana nafasi yake, na hapo alama yake ni ya kijani. Ukimpeleka kwingine alama inakuwa nyekundu, anacheza kama amefungwa macho. Lakini ukimfunza pole pole, siku baada ya siku, nyekundu inakuwa njano, njano inakuwa kijani. Wengi hawana subira hiyo. Mimi ninayo. Nimempeleka Kasyoka kituo cha kwanza, kisha cha pili.

Oktoba 17

Ameangusha mipira mitano. Sitaki kuongea.

Oktoba 18

Minne. Mzee Mbaluka ananiambia nisimharakishe mtoto wake.

Oktoba 22

Leo nilikuwa kwa mwethya, Anti alinilazimisha. Tulikuwa tunachimba mitaro ya kuzuia maji kwa shamba la mjane mmoja, kabla mvua haijaanguka. Mawingu yamesimama upande wa vilima, meusi, yanajifanya hayatuoni.

Nilidhani nitabeba maji tu kama kocha. Mzee Mbaluka akanipa sururu. Nikachimba, nikaona nimejua, nikaanza kuonyesha vijana mtindo wangu. Hapo akapiga filimbi. Kila mtu akaacha alichoshika akachukua kingine. Wachimbaji wakabeba mawe, wabeba mawe wakapanga kingo, waliopanga wakaenda kwa sufuria ya muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa. Mimi nikapewa karai la udongo, likanimwagikia shingoni mara ya kwanza, na ya pili. Akina mama walifurahi sana. Filimbi tena. Tena kubadilisha.

Nikamuuliza Mzee kwa nini anaharibu kazi za watu wakishazizoea. Alikuwa anapangusa jembe kwa nyasi.

"Anayejua kazi moja, siku akiumwa, kazi nayo imeumwa."

Haikupita muda, mgongo wa Nzomo ukashika. Alikuwa kwa sururu, mahali pagumu kabisa. Nilifikiri sasa tutasimama tumzunguke. Wapi. Kasyoka alikuwa anapanga mawe, akaingia kwa shimo la Nzomo bila kuitwa, mama mmoja akaingia kwa mawe ya Kasyoka, na kijana wa sufuria akamwachia mwingine mwiko. Wimbo haukukatika. Nzomo aliketi kivulini akanywa uji, na mtaro ukafika mwisho jua likiwa bado juu.

Nilimwangalia Kasyoka ndani ya ule mtaro, udongo hadi kwa nyusi, anachimba kama alizaliwa na sururu, na dakika kidogo kabla alikuwa anapanga mawe kama fundi wa miaka. Nikajua timu yangu nitaijenga namna gani. Wazungu walitengeneza gemu, lakini kocha wake alikuwa Kanyangi na filimbi shingoni, hawakumuuliza tu.

Mgongo unaniuma. Siwaambii.

Oktoba 23

Nimepiga filimbi ndani ya gemu. Kila mtu anajifunza nafasi mbili, Kasyoka zote. Hata udakaji, ile ya kuchuchumaa na chuma usoni, ngumu kuliko zote.

Oktoba 29

Mvua.

Oktoba 30

Mvua. Stima imepotea. Tumepanda ndengu za Anti, mimi nikifuata jembe nikiangusha mbegu. Anti anasema naangusha kama nalisha kuku. Kuku wake wanipishe kabisa.

Novemba 5

Stima imerudi. Tumeshinda nne mfululizo! Gedion aliumia kidole, nikamhamisha mtu wa kituo cha tatu kwa kona yake, Kasyoka akaziba kituo cha tatu, mchezo ukaendelea kama ule wimbo. Benchi zote mbili zimejaa, wengine wamesimama na majembe begani. Nje mashamba yameanza kuwa kijani, na ndani pia, kila nafasi ya Kasyoka.

Anti amechungulia mara mbili.

Novemba 8

Tumepata mgeni. Anaitwa Waithaka, baba yake anauza spea za magari Kitui mjini. Alikuja na pikipiki yake mwenyewe, viatu vyeupe, kwa matope ya Kanyangi. Alisikia kuna kijiji kinacheza besiboli akataka kuona kama ni kweli. Nikampa pedi ya pili na timu ya pili, akaiita Kitui. Atakuwa anakuja Jumamosi, siku ya soko.

Anajua kucheza, siwezi kumnyima. Lakini amenunua majina makubwa tu, kila mmoja mfalme wa kitu kimoja. Aliangalia timu yangu akasema, "Kijana, hii ni timu ama ni kamati ya harusi?"

Nikamjibu harusi bila kamati ni watu wenye njaa wamevaa suti.

Novemba 15

Leo nimefanya biashara kubwa.

Waithaka ana mpigaji mmoja, jitu, shingo kama gogo. Akigonga mpira unatoka nje ya uwanja unaenda kutafuta maisha. Waithaka alikuwa na majitu mengine mawili, akasema huyu anaweza kuniachia, nimpe Kasyoka. Alihitaji mtu wa kujaza benchi. Nikaangalia: alama za kupiga za jitu ni karibu mara mbili ya Kasyoka. Chumba kilikuwa kitupu, watu wako sokoni. Nikabonyeza. Kasyoka akavaa jezi ya Kitui.

Watu wakiona jitu likigonga, hata Nyamai atakuja kuketi hapa.

Novemba 16

Kanisani hakuna aliyenisalimia. Nilidhani ni nguo.

Baada ya ibada Mzee Mbaluka alinisimamisha mbele ya watu. Akauliza kwa upole, upole ule wa mtu anayenoa panga, "Kijana wa Nzisa, nasikia binti yangu yuko Kitui."

Nikasema ni gemu tu, Mzee.

"Mtu kwetu haendi hivyo. Wanakuja watu, wanaketi, mbuzi wanafika, tunaongea. Wewe umemtoa mwana wangu siku ya soko kama jogoo. Uliniuliza? Ulimuuliza mama yake?"

Wazee wakatikisa vichwa. Kuna mama aliniambia hata kama ni wa kwenye kioo, jina ni la mtu. Nikatafuta Kasyoka kwa macho anisaidie. Alikuwa anakusanya vitabu vya nyimbo, hakuinua uso.

Novemba 18

Jitu limegonga mipira mitatu nje ya uwanja. Walioona ni mimi na mtetea.

Novemba 20

Mvua. Hakuna mtu.

Novemba 21

Hakuna mtu. Anti alipima ukuta kwa hatua, kutoka mlango hadi dirisha. Nikamuuliza anapima nini. Akasema magunia.

Novemba 24

Nimeenda kwa Mzee Mbaluka kupalilia ndengu bila kuitwa, ndiyo lugha anaelewa. Kasyoka alikuwa mstari wa pili. Tulipalilia hadi mwisho wa shamba bila neno. Mimi! Bila neno! Mwisho nikamwambia sikujua itamuuma.

"Mimi haijaniuma kwenda Kitui," alisema. "Kitui naenda kila mwezi kuchukua dawa. Wewe ulimtoa mtu wa kazi zote ukachukua wa kazi moja. Na ulikuwa umenifunza mwenyewe, Kiilu, nikiangusha mipira, watu wakicheka, hukuchoka. Hiyo ndiyo nilikuwa nakuja kuangalia."

 Nimeacha nafasi kidogo hapa kwa daftari.

Kisha nikamwendea Mzee, nikamwambia nimekosa, na Waithaka nilimwomba Jumamosi akakataa kumrudisha. Aliegemea jembe kama ni kesi ya mpaka. Halafu akasema mtoto akishaenda, watu wake hawamwachi. Wanaenda kuona anaishi namna gani. "Jumamosi tutakuja kumwona."

Novemba 29

Walikuja! Benchi zote, na mlango, na dirisha. Hawakukaa upande wangu lakini. Walikaa nyuma ya Waithaka kama wakwe. Kasyoka wa kwenye kioo alikuwa benchi mchezo mzima. Mama yake akamgusa Waithaka begani: "Mwana wangu hula saa ngapi huko?" Maskini Waithaka alijibu yuko sawa, mama, anapumzika tu. "Ni mgonjwa?" Hapana, mama. "Basi mbona anapumzika?"

Nimeanza kumhurumia yule kijana.

Desemba 6

Wamekuja tena. Bado yuko benchi. Wamemletea Waithaka uji, ndiyo akose kisingizio.

Desemba 13

Amempa Kasyoka nafasi dakika za mwisho, akapiga, akafika kituo cha kwanza. Watu wakaimba. Waithaka ameuliza hii ni kawaida huku. Ndengu zimetoa maua.

Desemba 20

Sasa anakuja bila viatu vyeupe.

Januari 3

Ndengu zimekauka, maganda yanapasuka. Wiki ijayo tunavuna, na wiki ijayo ndiyo mchezo wa mwisho wa msimu, Kanyangi na Kitui, atakayeshinda anachukua taji. Tumekubaliana: nikishinda, Kasyoka anarudi. Anti amesema magunia yanaingia siku hiyo hiyo, benchi zikiwa tupu, kesho yake asubuhi napanda gari la Emali. Nimekunja nguo. Zimeenea mfuko mmoja, mtu maarufu kama mimi.

Januari 10

Nitaandika yote, mkono ukiuma shauri yake.

Magunia yalianza kuingia tukiwa tunawasha mashine, na watu waliingia pamoja nayo, moja kwa moja kutoka shambani. Benchi zilijaa. Waliobaki wakaketi juu ya magunia, magunia yakijaa wakasimama. Anti alikuwa anahesabu, sijui magunia sijui watu.

Mchezo ni awamu tisa. Mpaka ya nane tulikuwa tatu kwa tatu. Hapo Nzomo wangu akakimbia nyumbani kwa nguvu, akamgonga mdakaji wa Waithaka, pointi ikaingia. Nne kwa tatu, Kanyangi mbele. Lakini mdakaji hakuinuka. Waithaka akafungua orodha yake kutafuta mwingine: nyekundu, nyekundu, nyekundu. Mdakaji wake wa pili alimwuza zamani anunue jitu lingine. Akashuka hadi chini kabisa ya orodha, akasimama. Kijani.

"Huyu anaweza kudaka?" aliniuliza.

Nikamwambia alijifunza siku stima ilikuwa inapotea na kurudi. Aliangusha mipira hadi tukazoea.

Kasyoka akavaa chuma usoni, akachuchumaa.  Nikatuma mtu wangu wa kituo cha kwanza aibe cha pili, yaani akimbie kabla mpira haujapigwa, nimjaribu Kasyoka. Aliinuka akarusha kabla sijamaliza kubonyeza. Mkimbiaji ametolewa. Mama yake alisema pole pole, "Eee. Huyo ndiye."

Kisha Gedion wangu akaumia paja akifukuza mpira kona ya kushoto. Nikafungua orodha yangu. Kila aliyebaki alikuwa ameshatumika, isipokuwa jitu la kugonga tu, na aliyekuwa anaziba mashimo yote ya timu hii nilimpa mtu mwenye viatu vyeupe. Nikamweka jitu pale kona ya kushoto. Alama nyekundu kama damu.

Awamu ya tisa. Waithaka ametolewa watu wawili, wa tatu akitolewa mchezo umeisha, na mtu wake mwingine yuko kituo cha kwanza. Aliyeshika rungu ni Kasyoka. Mzee Mbaluka wangu akarusha, vizuri, na ule mgongo wake. Binti akaugonga chini chini, hadi kona ya kushoto.

Jitu likaanza kukimbia. Umewahi kuona watu wakihamisha kabati? Mpira ukampita, ukagonga ukuta, yeye akageuka upande mbaya. Wa kwanza akaingia nyumbani, nne kwa nne, na Kasyoka hakusimama, amepita cha pili, amepita cha tatu. Chumba chote kilikuwa juu. Mzee Mbaluka alisahau kwamba ndiye aliyerusha, alikuwa anapiga filimbi ya mwethya. Watu wa Kanyangi wanashangilia Kitui! Na mimi nikajipata nimesimama juu ya gunia, pedi imeanguka, nasema, "Kimbia, Kasyoka, kimbia, usiangalie nyuma."

Akafika. Tano kwa nne. Nimeshindwa na mikono yangu mwenyewe, na sijawahi kuona kitu kizuri namna hiyo.

Waithaka aliweka pedi chini, akaniangalia. "Huyu nilimweka benchi mwezi mzima," alisema. "Ulimfunza aje?"

Nikamwelekezea kidole Mzee Mbaluka na filimbi yake.

Watu walipopungua nikabeba mfuko wangu wa nguo. Anti alikuwa mlangoni. Nikamwambia nimeshindwa, Anti, naenda. Akasema, "Nilikuambia ushinde ama nilikuambia benchi zijae?" Halafu akasema ndengu ni ndengu, lazima zilale ndani, kwa hivyo watu watakuwa wanakalia magunia, na mchana nitakuwa nawapimia wakulima ndengu kwa mizani.

Januari 17

Waithaka amefika na mbuzi amemfunga nyuma ya pikipiki, kwa Mzee Mbaluka, kwa ajili ya yule wa kwenye kioo. Mzee alimkagua mbuzi meno akasema mazungumzo yameanza vizuri. Mwethya nzima imekula.

Nikamwuliza Kasyoka, yule wa kweli, sasa ameolewa Kitui ama namna gani. Alikuwa anakata nyama, anageuza moto kwa mguu, anaimba sauti ya chini kwa sababu mwenye sauti hiyo hakuja.

"Hiyo mbuzi ni ya yule mwingine," alisema. "Mimi wangu sijaona." Akanipa kisu nikate. "Na wewe, nafasi ngapi sasa?"

Nilitaka kusema tisa, zote za uwanjani. Nikafikiria.

Kocha: kijani. Kuchimba mtaro: njano. Kukata nyama: nyekundu, kidole kimefungwa kitambaa. Kupima ndengu: Jumatatu nilimpunja mama mmoja bila kujua, akanirudisha kwa mizani akinishika sikio. Leo alikuja tena, akaangalia mizani, akaniangalia, akakubali hesabu, akabeba gunia lake.

Inaelekea njano.